Ataagiza Mwenyewe

Ambakisye aliingia nchi ya Mkufuni saa nne asubuhi, akiwa na njaa. Njia aliyopitia hakuwahi kumsimulia mtu. Waliomuuliza aliwajibu kuwa njia ni vumbi tu, waulize alichokikuta.

Alikuwa fundi viatu, mtu wa Tukuyu, shule aliishia darasa la nne. Alikuwa pia mgane wa miaka mitatu. Mkewe, Tusekile, alifia zahanati huku dawa yake ikiwa ndani ya stoo, stoo ikiwa imefungwa, na ufunguo ukiwa mfukoni mwa mkubwa mmoja aliyekwenda kwenye semina ya kuboresha huduma. Tangu siku hiyo Ambakisye hakuwa na maswali mengi juu ya dunia. Kila kilichoharibika alijua kimeharibiwa na nani. Mvua ikichelewa, wakubwa. Mkate ukipungua, wakubwa. Hata kiatu kikimrudia kimeachia soli, aliwafikiria wao kwanza, ndipo aitazame gundi yake.

Basi alitokea kwenye kiunga kimoja cha mji mkuu wa Mkufuni, kiunga kiitwacho Shingoni. Pazuri, hilo hakulikataa. Barabara zimefagiliwa, miti imepandwa kwa mstari, na kila baada ya nyumba tatu kuna mgahawa wenye meza nje, meza zina vitambaa, vitambaa vimepigwa pasi. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilimpokea kabla ya mtu yeyote kumpokea.

Alipoingia mgahawa wa kwanza akasimama palepale mlangoni. Viti vilikuwa vimekaliwa na mbwa. Mbwa wakubwa kwa wadogo, wamekalia mito, wamevaa mikanda ya shingoni ya ngozi safi (jicho la ufundi liliona mshono wa mkono, uzi wenye nta), na kando ya kila mbwa, chini kwenye kigoda, ameketi mtu. Wale watu walikuwa wamevaa vizuri sana, nao wamekonda. Mbwa walikuwa wanene. Mmoja alikuwa mnene hata mkia wake hauonekani.

"Karibuni," alisema mhudumu, mwanamke wa makamo aliyejifunga aproni, jina lake Bi Tulizo. "Mwenyewe yuko nyuma?"

"Mwenyewe nani?"

"Mwenyewe. Uliyekuja naye."

"Nimekuja mwenyewe."

Bi Tulizo akachungulia nyuma ya Ambakisye, akainama akatazama miguuni pake. "Simwoni."

"Unamtazama, dada. Mwenyewe ndiye mimi. Nimekuja peke yangu."

Uso wa yule mama ukabadilika. Akaweka mkono kifuani. "Lo, pole sana, baba. Kumbe umefiwa. Alikufa lini?"

Ambakisye akashtuka. Huyu amejuaje? "Miaka mitatu sasa," akasema, na sauti ikapungua bila yeye kupenda.

"Alikuwa na umri gani?"

"Arobaini na tisa."

"Arobaini na tisa!" Wateja wawili wakageuka kwenye vigoda vyao. "Baba, wewe ulikuwa unamlisha nini?"

"Sikumlisha mimi!" Ambakisye alikuja juu. "Alijilisha. Na mimi alinilisha yeye."

"Basi huyo alikuwa mwenyewe kweli kweli," alisema Bi Tulizo kwa heshima yote, akamshika kiwiko na kumtoa nje taratibu, kama anavyotolewa mtu mwenye msiba. Akamwelekeza kwenye mtungi wa maji ulio getini. Juu ya mtungi palikuwa na ubao, na juu ya ubao maneno haya: CHAKULA CHA MBWA ATAAGIZA MWENYEWE. ASIYE NA MWENYEWE ASIKAE MEZANI. Chini yake mhuri wa Baraza la Shingoni.

Ambakisye hakusoma sana shuleni, lakini ubao ule aliusoma mara tatu, na kila mara akazidi kuona kwamba walioandika wanajua kusoma kuliko yeye, na akili hawana.

Pale mtungini walikuwapo watu saba wamesimama na vikombe vya bati. Mmoja wao, kikongwe mwenye mwavuli na ulimi mwepesi, alimsogezea kikombe. Huyo aliitwa Bi Thamani.

"Kunywa, mgeni. Ndiyo supu yetu sisi."

"Mmekosa nini nyie?"

"Tumefiwa. Wangu alikufa mwezi wa Ramadhani uliopita, mbwa mzuri, mwenye adabu kuliko ndugu zangu wote. Mbwa wako akifa hapa, nawe umekwisha. Unaomba kibali cha kupata mwingine, unasubiri. Mimi nasubiri. Huyu kaka anasubiri mwaka wa tatu."

"Wa nne," alisema yule kaka.

"Na huu ubao aliuandika nani?"

Bi Thamani akacheka mpaka mwavuli ukatikisika. Akamweleza. Zamani, alisema, Shingoni palikuwa mahali kama pengine. Watu walikaa kwenye viti na mbwa walikaribishwa wakalala chini ya meza, hakuna aliyemkera mwenziwe. Ikawa siku moja mhudumu fulani akamtupia mbwa wa diwani kipande cha chapati, yule mbwa akaharisha juu ya zulia la diwani. Baraza likakaa siku mbili, likatunga sheria: chakula cha mbwa ataagiza mwenyewe. Kila mtu akaelewa. Mwenye mbwa ndiye ataagiza, basi, imekwisha.

"Sasa," alisema Bi Thamani, "kwenye kikao cha mwisho mzee mmoja, mlinzi wa geti, akauliza, kwa nia njema tu: Mheshimiwa Mwenyekiti, mwenyewe hapo ni nani? Mheshimiwa Kiguzo alikuwa anasinzia. Akazinduka, akaona watu wote wanamtazama, akagonga meza: Mwenyewe ni nani? Mwenyewe ni mbwa mwenyewe!"

"Akarekebishwa?"

"Nani amrekebishe? Karani alishaandika. Wiki ya pili wakaajiri Afisa Mikia. Wiki ya tatu Afisa Mikia akapewa gari. Ukishaona gari limetoka, mgeni, ujue kosa limekuwa sera."

Ambakisye akanywa maji yake. Mahali pa ugeni, lakini wakubwa wale aliwafahamu kama ndugu zake wa tumbo moja.

Nyuma ya jiko la mgahawa, kwenye majivu, alikuwapo mbwa mwingine, ambaye hakuna aliyekuwa amemtaja. Sikio moja limechanika, mbavu zinahesabika, rangi yake kama maji yaliyooshea vyombo. Alitoka majivuni, akawapita wale watu saba bila kuwajali, akafika kwa Ambakisye, akanusa viatu vyake vya ngozi, akavilalia.

"Toka," alisema Ambakisye.

Mbwa hakutoka.

"Wewe, nimesema toka. Mimi sina kitu."

Mbwa akaweka kidevu juu ya ncha ya kiatu, akafumba macho.

"Huyo hana mkanda," alisema Bi Thamani. "Wa majivuni huyo."

"Sheria inasema mkanda?"

Bi Thamani akautazama ubao kama aliyekuwa hajawahi kuusoma. "Hapana. Inasema mwenyewe."

"Basi," alisema Ambakisye, akaingia tena, na yule mbwa nyuma yake.

Bi Tulizo alimtazama mbwa, akaitazama kona alikokaa Afisa Mikia, Bwana Kipimo, kijana mnene wa mashavu mwenye rula shingoni, akaona bado hajainua macho. Haraka akaweka mto kwenye kiti. Mbwa akapanda. Ambakisye akakaa kwenye kigoda, na hapo akajifunza namna watu wa Shingoni wanavyokula. Mhudumu husoma majina ya vyakula kwa sauti mbele ya mbwa. Mbwa akitikisa mkia mara tatu, ameagiza. Akitikisa mara mbili, anafikiria, na Afisa Mikia atapima upana wa mtikiso kwa rula na kuamua. Asipotikisa, hakuna chakula, na mtu wake hana pa kulalamika, kwa kuwa aliyekataa ni mwenyewe. Kikishaletwa, mbwa hula anachotaka na mtu hula kilichobaki. Gharama hulipwa na Baraza, kutokana na kodi ya wanaokunywa maji getini.

Ndiyo maana walikonda. Mbwa wa Shingoni walikuwa wameshiba tangu kuzaliwa. Bwana mmoja wa meza ya jirani, mwenye tai nzuri, alikuwa ameinama sikioni mwa mbwa wake akimbembeleza: "Samaki, mwanangu. Ulikuwa unapenda samaki. Hata mara mbili tu." Mbwa akapiga miayo. Yule bwana akajifuta jicho kwa ncha ya kitambaa cha meza.

Bi Tulizo akafungua orodha. "Wali?"

Mbwa wa majivuni hajawahi kuulizwa kitu maishani mwake. Mkia ukapiga kiti kama mtu anatwanga.

"Ndizi na nyama?"

Ukapiga hata mto ukaanguka.

"Maharage ya nazi? Kachumbari? Mchicha?" Bi Tulizo alianza kucheka, aproni mdomoni. "Baba, huyu hata nikimsomea jina la mjomba wangu ataagiza!"

Chakula kikaja, meza ikajaa, kikawekwa kingine juu ya dirisha. Mbwa alikula, na akishiba sahani moja anahamia nyingine, akimwachia Ambakisye nyuma yake zaidi ya nusu. Kisha akageuka akawaona wale saba getini, na kwa furaha ya tumbo akawatikisia mkia wote. Bwana Kipimo akainuka na rula yake, akapima, akakaa tena ameduwaa. Sheria ilikuwa wazi: anayetikisiwa mkia na mwenyewe ni mgeni wa mwenyewe. Bi Thamani aliingia wa kwanza, amefunga mwavuli wake, anatembea kama bibi harusi.

Ikawa hivyo siku ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Ambakisye alilala kwenye baraza ya Bi Thamani, asubuhi akashona viatu vya watu, mchana akaenda na mbwa mgahawani. Tangu Tusekile alipozikwa alikuwa hali mezani. Alikuwa akila kwa kusimama, karibu na jiko, kijiko kutoka sufuriani kwenda mdomoni, kama anayetoa taka. Sasa alikaa. Watu walimpitishia chumvi. Yule bwana mwenye tai alihamisha kigoda chake karibu nao, akamwacha mbwa wake akikoroma, akaomba mchicha.

Na jioni alizungumza na yule mbwa. Alimweleza habari za wakubwa, mmoja baada ya mwingine, kwa majina na makosa yao. Mbwa alisikiliza yote bila kumwambia asamehe. Watu wote wa Tukuyu, hata mchungaji, walikuwa wamemwambia asamehe.

Hakumpa jina. Alisema jina ni la kumzoea mtu, naye hakusudii kumzoea. Lakini usiku akijigeuza alipeleka mguu kwanza, kuhakikisha yupo.

Siku ya saba Bwana Kipimo alikuja mezani na karatasi. Hakuwa mtu mbaya.

"Mzee wangu, hii imetoka juu."

"Zote hutoka juu. Soma."

"Mbwa huyu hana mkanda, hana jina, hana nyumba. Anashukiwa kuwa si mwenyewe. Baraza litakaa kesho saa tatu. Ikithibitika si mwenyewe, atapelekwa kwenye Banda la Kusubiri, na wewe utasindikizwa mpakani."

"Anasubiri nini humo bandani?"

"Hilo halijaamuliwa."

"Na walioingia zamani wako wapi?"

Bwana Kipimo alitazama rula yake. "Wanasubiri, mzee."

"Umewahi kumwona mmoja akitoka?"

Mbwa akamtikisia mkia hata yeye, na yule kijana akaondoka kwa haraka bila kupima.

Usiku ule, mpakani kwenyewe hakukumtisha Ambakisye. Kilichomsumbua ni lile banda: mlango umefungwa, kuna kiumbe ndani, na mkubwa fulani hajaamua. Hilo alishaliona mara moja. La pili hakuwa na nafasi nalo.

Ukumbi wa Baraza ulijaa mapema. Mheshimiwa Kiguzo aliketi mbele, mrefu, mashavu yameingia ndani, na juu yake, kwenye kiti kilichopandishwa ngazi mbili, alikaa mbwa wake, Jumbe, ambaye maamuzi yote hutolewa kwa jina lake. Jumbe alikuwa amelala.

Diwani wa kwanza alisimama. "Waheshimiwa, mwenyewe hujulikana kwa mkanda. Bila mkanda, shingo haina maana. Na bila shingo, sisi watu wa Shingoni ni nani?" Akapigiwa makofi.

Diwani wa pili alikuwa mtu wa fikra nzito, anafumba macho akisema. "Sikubaliani. Mkanda ni nje. Mwenyewe hujulikana kwa kutotaka. Tazameni wenyewe wetu: hawataki kitu, hawatikisi kitu. Huo ndio ukamilifu. Huyu anataka kila kitu. Je, anayetaka kila kitu si ombaomba tu?"

"Na sisi tunaokonda?" ilisikika sauti ya yule bwana mwenye tai kutoka nyuma.

"Tunakonda kisheria," alijibu diwani, bila kufumbua macho.

Wakabishana mpaka saa tano. Iliulizwa kama mkia ni sehemu ya mwenyewe au ni chombo chake tu. Iliulizwa kama mbwa akiota na kutikisa usingizini, chakula kile kipelekwe kitandani. Kamati ndogo ikaundwa kwa hilo la pili. Ambakisye alikaa na mbwa miguuni, akiwatazama kama mtu anayetazama mvua inayonyeshea nyumba ya mwingine. Aliona kwamba hawa hata hawana ubaya. Walikuwa wamepanda juu ya neno moja siku nyingi zilizopita, na hakuna aliyejua kushuka.

Hatimaye Mheshimiwa Kiguzo akagonga meza. "Tufupishe. Mgeni, simama. Mbwa huyu ni wa nani?"

Bi Thamani, aliyekaa nyuma yake, akamfinya. "Sema wako! Sema wako, we mwanamume!"

Lakini Ambakisye alimwona Bwana Kipimo kando ya mlango, mkanda na mnyororo mkononi, amejiinamia, na fomu ya Banda imeshajazwa. Akawauliza, "Nikisema ni wangu?"

"Mali ya mgeni hushikiliwa mpaka itakapoamuliwa."

"Nikisema si wangu?"

"Mbwa wa bure huwekwa mahali mpaka itakapoamuliwa."

Ndivyo walivyo. Swali lao hutandikiwa magunia mawili, uangukie lolote. Ambakisye akamtazama mbwa, na mbwa akamtazama yeye kwa sikio moja na nusu. Kutamka "wangu" kulikuwa rahisi, na alilitamani neno lile kuliko alivyotamani chakula siku aliyofika. Akaliacha.

"Si wangu," alisema.

Bi Thamani akapiga ukelele mdogo.

"Ni wa nani basi?"

"Si wa mtu. Ni mwenyewe."

Karani akainua kalamu, hakujua aishushe wapi.

"Mimi sikusoma, Mheshimiwa," alisema Ambakisye, "kwa hiyo nisahihishwe. Huyo Jumbe, ni wa nani?"

"Jumbe? Jumbe ni wangu. Kila mtu anajua ni wangu."

"Basi ana mwenyewe. Mwenyewe wake ni wewe. Na yule wa diwani ana mwenyewe, na yule wa huyu bwana mwenye tai. Wote humu wana wenyewe, mikanda imeandikwa majina. Kama wana wenyewe, wao si wenyewe, na wenyewe ni nyie mlio kwenye vigoda, na ule ubao mmeusoma kichwa chini miaka yote. Mngekuwa mmekaa kwenye viti, mnakula. Au." Akamwonyesha mbwa kwa kidole. "Au ubao uko sawa, mwenyewe ni mbwa, lakini awe mwenyewe kweli, asiye wa mtu, asiye na wa kumwamuru. Ikiwa hivyo, Shingoni nzima yupo mmoja. Ndiye huyu. Nyie ndio mtuambie. Mlikosea, au hamkukosea?"

Hapo palizuka kelele hata Jumbe mwenyewe akaamka, akatazama, akalala tena. Diwani wa kwanza alisema wasikubali. Diwani wa pili alifumbua macho kwa mara ya kwanza. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Nataka kiti changu!" na wengine wakaanza kugonga vigoda sakafuni.

Mheshimiwa Kiguzo alijifuta jasho. Alikuwa na njia mbili, na moja ilipita kwenye neno "nilikosea". Mtu anayewafahamu wakubwa hahitaji kuambiwa alishika ipi.

"Baraza," alisema, akigonga meza kwa nguvu, "halikukosea! Baraza kamwe... Baraza lilikuwa likimngojea huyu. Sheria ilitungwa kwa ajili yake, ila alikuwa hajafika. Karani, andika: Mwenyewe amepatikana. Hashikwi, hafungwi, hawekwi popote. Ataagiza anachotaka na atamkaribisha amtakaye. Wengine wote, nyinyi wa mikanda, ni... ni wasaidizi wake."

Bwana Kipimo akauachia mnyororo ukaanguka chini, na hakuuokota.

"Lakini," Mheshimiwa akaendelea, maana mkubwa hawezi kumaliza bila lakini, "huyu mgeni naye? Tumemsikia kwa kinywa chake. Mbwa si wake. Amekuja bila mwenyewe, na mtu asiye wa mtu hakai Shingoni. Hilo nalo liko wazi. Haya, wewe ni wa nani?"

Ambakisye alifungua mdomo ajibu kwa ukali, majibu ya ukali alikuwa nayo mengi. Hayakuja. Swali lilikuwa limempata mahali pengine kabisa. Aliwahi kuwa wa mtu. Ilikuwa ikisemwa njiani, bila mtu kufikiri, yule Ambakisye wa Tusekile, na yeye alikuwa akiitikia bila kufikiri. Kisha neno likakatika nusu, na kwa miaka mitatu amekuwa akitembea na nusu iliyobaki, na hakuna ofisi, hakuna mkubwa wala mdogo, aliyemuuliza anakwenda nayo wapi. Amekuja kuulizwa na mpumbavu huyu.

"Wa huyu," alisema, akionyesha miguuni.

Karani akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa akatazama dari. Karani akaandika kwa mwandiko mzuri wa Serikali: Ambakisye, fundi viatu, mtu wa Mwenyewe. Akapuliza wino ukauke, akagonga mhuri.

Kesho yake mchana jua lilikuwa la kiasi, na mgahawa wa Bi Tulizo haukuwa na nafasi. Mtungi wa getini umeinamishwa, hakuna aliyeuhitaji. Bi Thamani alikuwa akibishana na Bwana Kipimo juu ya nani amemaliza pilipili. Mwenyewe alikuwa kwenye benchi refu lililoletwa kwa ajili yake, kwa sababu kiti kilimbana, na Ambakisye yuko kando yake, sahani ya ndizi mapajani, akinung'unika kwamba Baraza limeshaunda Ofisi ya Mwenyewe na kuomba magari mawili. Alinung'unika kwa raha, kama mtu anayejikuna mahali asipofika siku zote.

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia Mheshimiwa Kiguzo. Bila msafara. Jumbe alikuwa amesusa tangu juzi, hatikisi kwa wali wala kwa nyama, na nyumbani kwa Mwenyekiti sheria ya mkia ilikuwa bado inafuatwa. Suti ilimning'inia kama imetundikwa msumarini. Alitazama meza zilizojaa, akaja mpaka kwenye lile benchi.

"Mzee Ambakisye," alisema, akikohoa, "hapa... pana mtu?"

Mgahawa mzima ukaacha kutafuna. Kwa miaka mitatu Ambakisye alikuwa na maneno ya kumwambia mkubwa wa kwanza atakayekuja kumwomba kitu. Aliyapanga usiku, aliyarudia kazini, alikuwa nayo neno kwa neno. Akamtazama huyu, shingo yake ilivyokonda ndani ya kola, macho yake kwenye zile ndizi.

Akaweka kijiko chini.

"Muulize mwenyewe," alisema.

Mheshimiwa Kiguzo akavua kofia. Akachuchumaa, magoti yakalia, mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa yule mbwa wa majivuni, akauliza kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo kila mtu aliisikia, "Naomba nafasi."

Mbwa akamnusa vidole, kimoja kimoja, akitumia muda wake. Kisha akasogea kidogo. Benchi lilikuwa limejaa, kwa hiyo na Ambakisye, akisonya, ikambidi asogee.